Udongo wa Ikombe

Nilipomwoa Atuganile, wajomba zangu wa Tukuyu
walinionya: mwanamke wa ziwani atalilia samaki.
Samaki hakulilia.
Alililia udongo.

Basi mara mbili kwa mwaka nashuka hadi Matema,
natafuta mtumbwi wa kwenda Ikombe,
narudi juu ya gari la mizigo, kati ya kakao na usipa mkavu,
nimekumbatia viroba vinne vya tope la kijivu
kama mtu aliyeiba shamba la watu
akalifunga kamba.

"Kwani Tukuyu hakuna udongo?" utingo aliniuliza.
Upo. Mwekundu, wa kuoteshea chai na migomba.
Atuganile aliujaribu mwaka wa kwanza:
alifinyanga kumi, moto ukamrudishia vigae.
"Huu," alisema, "haujawahi kulala na maji."

Hana gurudumu. Watu wa mradi walimletea moja,
sasa kuku hutagia chini yake.
Chungu chake hakizunguki, yeye ndiye azungukaye,
kainama, mkono ndani, mkono nje,
kisigino kikitangulia,
mpaka sakafu ya kibanda imeota njia ya mviringo
ambamo maji ya mvua husimama.

Na mvua ya huku mnaijua.
Kule ziwani chungu hukauka kabla hujamaliza kusengenya.
Hapa tunavipandisha darini, juu ya jiko,
tunavifukia kwa maganda ya maharage,
tunavigeuza kama wagonjwa,
wiki tatu, wakati mwingine nne,
na usiku yeye huamka, huvigonga kwa ukucha,
husikiliza.

Anachokiona, kinaingia.
Kangaga la kando ya Kiwira alilibonyeza begani mwa mtungi,
likaacha uti wa mgongo.
Mbavu za tunda la kakao.
Ngozi ya kinyonga aliyepita juu ya ua,
watoto wakimrushia mawe, na yeye akiwafukuza kwa mwiko.
Ukungu umemshinda. Bado anaujaribu, kwa chokaa.

Lakini shingoni ni mahali pa mama yake:
mistari mitatu, mfupa wa samaki,
nukta za kijiti cha tete,
halafu
halafu pana kitu cha nne.
Hakikumbuki. Alikiona kila siku, na nani huuliza
habari za kitu anachokiona kila siku?
Mama amezikwa. Mama zake wadogo wanachora vingine.
Na vyungu vya marehemu vilivunjika kama vyungu vivunjikavyo,
kwa kupikiwa.
Kwa hiyo pale huacha upana wa vidole vinne, patupu,
na lile jiwe la kusugulia, lenye shimo la gumba la mama,
hupita hapo mara nyingi kuliko kwingine.

Bwana mmoja wa hoteli, kule Mbeya, alipapasa upande ule:
"Hapa hamjamaliza. Punguzeni bei."
Atuganile akauchukua mtungi wake taratibu,
kama anayepokea mtoto aliyelala.
Tunauwekea maharage ya mbegu.
Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga,
nasi kweli twalia sahani za plastiki,
ila mbegu zetu zinalala pazuri.

Juzi Jumamosi Syabumi wetu, miaka sita,
aliingia kibandani na kizibo cha soda.
Mtungi ulikuwa bado mbichi.
Pale patupu akagonga vijua vinne,
kimoja kimepinda.

Mama yake alikuja na tambara lililolowa.
Akasimama. Tambara likamdondokea maji mguuni.
Akauzunguka mtungi kinyumenyume, mara moja,
mara ya pili,
akiangalia vile vijua vikija na kwenda.

Mimi sikusema neno. Niliona wingu linashuka kutoka Rungwe,
nikaenda kuingiza kuni.